Kazi za Mama Shuka Zilizobaki Simuni

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa, kwenye ghorofa isiyo na dirisha. Mashine tatu kubwa zilinguruma tangu asubuhi. Mtu akitaka kusema na mwenzake humo, ilibidi amsogelee sikioni. Lakini hapakuwa na mwenzake. Mama Shuka alifanya kazi peke yake.

Mashuka machafu yaliteremshwa kwa lifti, ndani ya toroli, bila mtu. Mashuka safi yalipanda kwa lifti hiyo hiyo, bila mtu. Wauguzi walimjua kwa kazi yake, si kwa sura yake. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika hospitalini, likabaki hilo la Mama Shuka.

Kila furushi lililoshuka alilifunga utepe wa njano. Utepe ulisema: furushi hili limepokelewa, linangoja zamu yake. Furushi likiingia mashinani, utepe unafunguliwa. Utaratibu huo aliukuta, akaufuata, na haukuwahi kumdanganya.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili, na vyote viwili vilikuwa kimya. Mumewe aliendesha mitambo ya kujenga barabara, mbali sana, na hurudi kwa nadra. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Jioni Mama Shuka alipika, na karibu kila jioni chakula kilimshinda. Mkono wake ulizoea kupimia watu watatu, haukutaka kujifunza kupimia mmoja.

Ghorofa moja juu ya chumba cha kufulia kulikuwa na chumba cha vifaa. Humo mikasi na koleo za upasuaji husafishwa, huhesabiwa, hufungwa kwa vitambaa na kuingizwa kwenye mashine ya kuua vijidudu. Mama Shuka alipeleka vitambaa humo, na kila mara alichelewa kidogo kuondoka. Watu wa chumba kile hufanya kazi wawili wawili, na siku nzima husemezana.

Siku moja msimamizi wa chumba hicho alimwambia, "Mama Shuka, nafasi moja inakaribia kuwa wazi. Kuna chuo kinafundisha kazi hii kwa mtandao. Ukileta cheti, nafasi ni yako. Usipoleta, nitatafuta mwingine. Siwezi kukaa na meza yenye mtu mmoja."

Mama Shuka alijiandikisha jioni ile ile.

Bahati nzuri mumewe alikuwa likizo. Aliiweka programu ya chuo kwenye simu ya mkewe, akapakua masomo yote kwa mkupuo mmoja. Mama Shuka akasalimia kwenye Baraza, ukurasa ambamo wanafunzi huzungumza: "Mimi ninafua mashuka hospitalini. Nimefurahi kuwa nanyi." Kisha mumewe akaizuia programu ile isitumie data, akazima na arifa zake, yaani vile vijumbe vinavyochomoza juu ya simu.

"Sasa masomo yote yamo," alisema. "Bando lako halitaguswa."

"Wewe unabana bando kama unavyobana nati."

"Nati isiyobanwa huangusha gari, mke wangu."

Kesho yake alisafiri kurudi kazini.

Tangu hapo Mama Shuka alisoma kila jioni. Aliosha vyombo, akafuta meza, akaiegemeza simu kwenye jagi la maji. Alisoma kuhusu kutu, kuhusu damu iliyokauka kwenye maungio ya mkasi, kuhusu joto la mvuke. Somo likiisha alijibu maswali na kubonyeza "Tuma". Pembeni ya jibu lake ilitokea alama ndogo ya saa, ya rangi ya njano.

Alipoiona mara ya kwanza hakuhangaika. Ule ni utepe, alijiambia. Kazi yangu imepokelewa, inangoja kusahihishwa. Mwalimu ana wanafunzi wengi.

Kilichomsumbua ni Baraza. Alipolifungua alikuta salamu za siku ya kwanza, za kwake na za wenzake wachache. Baada ya hapo hapakuwa na neno. Akaandika, "Habari za jioni, wenzangu. Kuna mwingine anayesoma peke yake?" Hakuna aliyejibu. Jioni iliyofuata akaandika tena. Hakuna aliyejibu. Aliuliza swali kuhusu koleo, akangoja. Akafikiri swali lake ni la kijinga, akauliza jingine. Mwishowe aliandika neno moja tu, "Mpo?"

Kimya.

Mumewe alipopiga simu aliuliza, "Wenzako wa darasani wanasemaje?"

"Hawasemi."

"Hata kidogo? Unasoma na samaki?"

"Labda ni kwa sababu niliwaambia ninafua mashuka."

"Hapo ulijipunja. Ungewaambia wewe ni mkuu wa mashine tatu, wangesimama kukusalimu."

Mama Shuka alicheka. Kisha mtu akamwita mumewe kazini, simu ikakatwa. Nyumba ikarudi kama ilivyokuwa. Usiku ule hakuandika kitu Barazani. Aliona ni aibu kubisha kila siku kwenye mlango wa watu wasiotaka kufungua.

Jumatano mchana, akila kwenye benchi la chumba cha kufulia, alipata ujumbe wa simu kutoka chuoni. Aliusoma, akaurudia.

"Hujaonekana darasani tangu siku ya kwanza. Hakuna kazi yako hata moja iliyopokelewa. Zisipofika kabla ya Ijumaa jioni, hutaruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho."

Alipanda ngazi hadi mahali penye utulivu, akampigia wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo alikuwa na simu mpya kila mara, kwa hiyo ukoo mzima ulimchukulia kuwa mjuzi wa simu.

"Wifi, wanasema sijafanya kazi, na mimi nimefanya zote."

"Programu hizo zina wazimu. Ifute, uiweke upya. Yangu ikinisumbua ninafuta, inashika adabu."

"Na kazi zangu?"

"Si zitarudi zenyewe? Futa, wifi yangu. Ukiichekea simu, itakupanda kichwani."

Mama Shuka aliibonyeza alama ya programu, akaishikilia. Likatokea neno "Ondoa". Akaligusa. Simu ikamwuliza: "Kila kilichohifadhiwa na programu hii kitafutwa. Uendelee?"

Kidole kikasimama. Kazi ya kufua humfundisha mtu jambo moja: usiingize furushi mashinani kabla ya kulipekua. Aliwahi kukuta sindano ndani ya mashuka, na mara moja pete ya ndoa. Kila kilichohifadhiwa, alijiuliza, ni kitu gani? Hakujua. Akagusa "Hapana".

Hospitali ilikuwa na maktaba ndogo yenye kompyuta kwa ajili ya wafanyakazi. Mama Shuka hakuwahi kuingia. Alidhani wafanyakazi maana yake ni madaktari. Alipofika alimkuta mtunza maktaba, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni.

"Karibu, dada. Unatafuta kitabu gani?"

"Sitafuti kitabu. Nimepotelewa na darasa."

Mtunza maktaba akavuta kiti cha pili. "Keti. Darasa lenyewe la wapi?"

Mama Shuka alimweleza yote. Mtunza maktaba alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza, "Huwa unaingia darasani kwa programu au kwa kivinjari?"

"Ninaingia kwa simu."

"Simu ina milango yote miwili. Mlango wa kwanza ni kivinjari. Ni kile unachofungua ukitaka kutafuta habari kwenye intaneti, unaandika anwani ya tovuti juu pale. Unakijua?"

"Ninakijua. Ninaangalia bei za vitambaa humo."

"Vizuri. Ukiandika anwani ya chuo, unafika chuoni penyewe. Unaona kilichopo kule kwa wakati ule. Mtandao ukikatika, huoni kitu."

"Na programu?"

"Programu inakaa ndani ya simu. Yenu inachukua nakala ya darasa na kuiweka humo. Ndiyo maana unaweza kusoma bila mtandao. Kwa mtu anayebana bando, au anayeishi mahali mtandao unapoyumba, ni faida kubwa. Lakini nakala si darasa lenyewe. Lazima ikutane na chuo mara kwa mara. Ipeleke ulichoandika wewe, ilete walichoandika wenzako. Yako ilikutana na chuo lini?"

Mama Shuka alifikiri. "Siku mume wangu alipoiweka."

"Basi njoo tuangalie kwa mlango wa kivinjari."

Walikaa mbele ya kompyuta. Mtunza maktaba alifungua kivinjari, akamwachia Mama Shuka aandike mwenyewe anwani ya chuo, jina lake na neno lake la siri. Alipokuwa akiandika neno la siri, mtunza maktaba aligeuka akatazama ukuta.

Darasa likafunguka, nalo halikuwa kimya hata kidogo. Baraza lilikuwa refu, kurasa juu ya kurasa. Watu walikuwa wameulizana, wamebishana, wamepongezana kwa mtoto aliyezaliwa. Katikati yake Mama Shuka aliona maneno haya:

"Dada wa mashuka uko wapi? Tunabishana hapa kuhusu madoa ya damu kwenye vitambaa. Wewe ndiye ungetuamua."

Chini yake mwingine ameandika, "Nadhani ameacha."

"Pole yake," akaandika wa tatu.

Baada ya hapo hakuna aliyemtaja tena.

Mama Shuka aliweka mkono juu ya meza. Jioni zile zote alikuwa ameketi mbele ya picha ya darasa, akiisemesha. Nao walimwita kule, wakangoja, wakampa pole, wakaendelea na safari.

"Tazama na huku," alisema mtunza maktaba kwa sauti ya chini. Alionyesha ukurasa wa kazi. Pembeni ya kila kazi ya Mama Shuka paliandikwa: Haijapokelewa.

"Lakini nimezifanya. Angalia." Akatoa simu.

Mtunza maktaba aliona alama za saa za njano, moja chini ya nyingine. "Hizi ulizielewaje?"

"Kwamba zimepokelewa, zinangoja mwalimu. Kule chini kwetu furushi lililopokelewa tunalifunga utepe wa njano."

Mtunza maktaba hakucheka. "Kwenu ni sawa kabisa. Humu saa hiyo inasema neno jingine. Inasema: bado ninayo mimi simu, sijapata njia ya kuituma. Kila programu ina alama zake, dada. Usizikisie. Ina ukurasa wa msaada unaoeleza kila alama. Ukiona uvivu kuusoma, pitia kivinjari uhakikishe."

"Wifi yangu aliniambia niifute programu, niiweke upya."

Mtunza maktaba akavua miwani. "Uliifuta?"

"Nilikaribia."

"Mshukuru Mungu. Kazi zako haziko chuoni. Haziko popote isipokuwa ndani ya simu hii. Ungeifuta, zingekwenda nayo. Ukiwa na kazi isiyotumwa, usifute programu, wala usitoke kwenye akaunti, mpaka kila saa igeuke kuwa alama ya vema."

Aliiunganisha simu na mtandao wa maktaba. Akamwonyesha mahali pa mipangilio, Mama Shuka akabonyeza mwenyewe. Wakairuhusu programu itumie data. Wakawasha arifa zake.

"Haitalimaliza bando langu?"

"Kula italila, ukiiachia. Iambie ipakue masomo ikiwa kwenye mtandao wa maktaba tu. Majibu ya maandishi ni mepesi, yanapita kwa data kidogo. Mumeo hakukosea kubana. Alibana na mahali pa kupumulia. Sasa fungua programu, uvute ukurasa chini kwa kidole, uuachie."

Mama Shuka akavuta, akaachia. Kiduara kikazunguka. Saa ya kwanza ikageuka alama ya vema. Ikafuata ya pili. Zikaendelea hivyo taratibu, na wanawake wawili wakazitazama kama watu wanaongoja maji yachemke.

Moja haikugeuka. Ilikuwa video aliyojipiga akikunja kitambaa cha kufungia vifaa. Programu ikaandika: Faili ni kubwa mno.

"Imekataa," alisema Mama Shuka.

"Programu imekataa. Chuo hakijakataa. Tovuti nyingi hupokea faili kubwa kuliko programu zake." Mtunza maktaba aliunganisha simu na kompyuta kwa waya. Wakaihamisha video, wakaipandisha kwa kivinjari. "Usifunge ukurasa mpaka useme imepokelewa. Wengi huona mstari wa kupandisha faili umefika mwisho, wakaondoka. Soma maneno."

Waliufungua upya ukurasa wa kazi. Haijapokelewa zilikuwa zimegeuka Imepokelewa. Ilibaki moja nyekundu. Lilikuwa jaribio la wiki ya tatu, ambalo muda wake ulishapita.

"Hilo halimo mikononi mwetu," alisema mtunza maktaba. "Mwandikie mwalimu ukweli. Ufupi ndio heshima."

Mama Shuka aliandika: "Mwalimu, kazi zangu zilikuwa zimekwama ndani ya simu. Sikujua. Leo nimezituma. Ninaomba kufanya mtihani."

Alipotaka kuondoka aliona Baraza limebadilika. Salamu zake zote zilikuwa zimefika kwa wakati mmoja, jioni juu ya jioni, pamoja na maswali ya koleo, na mwisho kabisa lile neno moja: "Mpo?"

Chini yake mtu alikuwa ameshajibu. "Tupo. Ulikuwa wapi wewe?"

Mwingine akaongeza, "Dada wa mashuka, umetusalimia jioni kumi kwa mkupuo. Tuitikie ipi?"

Mama Shuka alivisoma vijibu hivyo, akavisoma tena. Kisha akaandika namna ya kutoa damu kwenye kitambaa: maji baridi kwanza, kamwe si ya moto, maana ya moto huikaanga damu ikashika. Ubishi wao ulikuwa umekwisha siku nyingi, lakini alitaka wajue jibu.

"Kabla hujainuka," alisema mtunza maktaba, "kompyuta hii si yako. Itakuuliza kama ihifadhi neno lako la siri. Kataa. Kisha utoke kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Atakayeketi hapa baada yako asijikute yeye ni wewe."

"Akijikuta yeye ni mimi, atafua mashuka kesho."

"Basi huenda ningekushauri uache wazi," alisema mtunza maktaba, na hapo ndipo alipocheka.

Mwalimu alijibu Alhamisi. Kazi zote zimekubaliwa. Jaribio la wiki ya tatu ni sifuri, kwa kuwa muda wake ulipita, na sheria hiyo ni ya wote. Mtihani ataruhusiwa kufanya. Ile sifuri ilimuuma Mama Shuka, kwa sababu jaribio lile alilifanya vizuri. Lakini hakubishana.

Kuanzia siku hiyo alibadili mwendo. Jioni alisoma kwa programu, bila mtandao, simu ikiwa imeegemea jagi. Mchana, kabla ya kula, alipanda maktaba, akaiachia programu ikutane na chuo. Kisha alifungua kivinjari na kuhakikisha kwamba kilichoondoka kimefika. Alimweleza mumewe kwa simu.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema mumewe.

"Ni lako na langu. Wewe ulifunga, mimi sikuuliza."

"Na kompyuta nayo ina programu kama hiyo?"

"Ipo ya chuo kwa mwenye kompyuta yake. Mimi natumia ya maktaba. Kivinjari kinanitosha, sihitaji kuweka kitu kwenye mali ya watu."

"Siku hizi unasema kama mwalimu."

"Rudi nyumbani unisikilize vizuri."

Hakurudi mwezi ule. Barabara yake haikuwa imekwisha. Mama Shuka aliendelea kupika chakula kingi na kula kidogo, na simu ikilia arifa ya Barazani aliifikia kabla haijanyamaza.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na muda maalumu. Alisoma maelekezo ya chuo siku mbili kabla. Yalisema ufanywe kwa kivinjari, kwenye mtandao usioyumba. Aliufanyia maktabani, kwenye kompyuta ya pembeni. Mtunza maktaba alibandika karatasi mlangoni: Watu wasipige simu humu. Alama zake hazikuwa za kujivunia, kwa sababu ya ile sifuri, lakini zilivuka mstari wa kufaulu. Cheti kilikuja. Alikipiga chapa, akampelekea msimamizi.

Asubuhi ya kwanza katika chumba cha vifaa alipewa vazi la kijani na meza yenye watu wawili. Mwenzake alikuwa mwanamume mfupi aliyeitwa Jaji, kwa kuwa hakukubali neno bila ushahidi. Jaji alisoma orodha. Mama Shuka alitakiwa kutazama trei na kuthibitisha.

"Mkasi uliopinda, mmoja," alisoma Jaji.

Mama Shuka aliutazama mkasi, akatikisa kichwa kukubali.

Jaji hakuendelea. Alishika kalamu, akangoja.

"Nimeuona," alisema Mama Shuka.

"Umeuona wewe. Mimi macho yangu yako kwenye karatasi. Hapa kitu hakijahesabiwa mpaka mwenzako asikie. Mkasi uliopinda, mmoja."

"Upo."

"Koleo ndefu, mbili."

"Zipo."

"Mbona unanong'ona, mama? Unaogopa kuziamsha?"

Mama Shuka alikohoa kidogo. Kwa miaka mingi sauti yake kazini haikuwa na wa kumfikia, na sasa hakujua aipandishe hadi wapi.

"Zipo," alisema tena, na mtu wa meza ya pili akageuka kumtazama.

Jaji akaweka alama, akasoma kinachofuata.